Sura ya Saba: Mmefikia kwa Nani?

Picha za watu wanaoishi ndani ya magari zinafanana mno. Milango ya nyuma iko wazi, kitanda kimetandikwa shuka jeupe, mbele yake kuna bahari au mlima, na miguu ya watu wawili imechomoza chini ya blanketi. Egesha gari la namna hiyo Kagerankanda, na jioni ya kwanza tu utakuwa umeharibu. Hapa mgeni akiingia kijijini watu huja kumsalimu. Atakuja mzee wa nyumba ya jirani, atakuja mama ametoka shambani na jembe begani, na nyuma yao watoto wa kitongoji kizima. Kama cha kwanza kuonekana mlangoni ni kitanda mnacholalia wewe na mkeo, mzee atageuza uso, mama atatazama chini, na mazungumzo yatakufa kwenye salamu. Kama aliyekuja ni mkwe, ndiyo hatarudi tena.

Kwa hiyo sura hii inaanza na mahali pa kumkalisha mgeni. Kitanda kitapata zamu yake.

Kagerankanda iko wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kutoka mjini Kigoma hadi Kasulu unapita mita 1,200, na baridi ya usiku unaikuta hukohuko juu. Ni nchi ya Waha, ya muhogo, maharage, mahindi na migomba. Ukiyapita mashamba unaingia kwenye miombo, msitu wa mininga na mitundu wenye mizinga ya nyuki matawini, na msitu huo ndio unaokupeleka kwenye maji ya Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Mke wangu hununua asali na nta. Mimi huandika. Kazi zote mbili hazidai kuta, na ya kwake inadai kuhama msimu kwa msimu. Hapo ndipo wazo la gari lilipotoka.

Mfano wa kupanga vitu ndani hatukuutoa Ulaya. Tuliutoa kwenye chumba kimoja cha kupanga, kile cha Manzese au cha Mwanga pale Kigoma, ambamo wanandoa wengi wa nchi hii walianzia maisha. Pazia limepita kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa mlango kuna kochi, stuli na redio. Upande wa nyuma kitanda. Mgeni anajua kitanda kiko hatua mbili kutoka alipo, lakini hajakiona, na heshima imetimia.

Hiace ndefu ina nafasi ya ndani ya kama mita 3 kwa urefu na mita moja na nusu kwa upana. Kitanda ukikiweka kwa upana, mtu mzima atalala amekunja magoti usiku kucha. Kilaze kwa urefu, upande wa nyuma kabisa, ukipe sentimita 185. Zinabaki sentimita 115 nyuma ya viti vya mbele, na kwa bahati njema hapo ndipo mlango wa kusukuma wa pembeni unapofungukia. Hiyo ndiyo sebule: benchi moja la kukaa watu wawili, meza ya kukunja, jiko la gesi la kuweka mezani. Pazia zito, kitenge kilichoshonewa shuka nyuma, linaning'inia kati ya benchi na kitanda. Mgeni wa tatu na wa nne hukaa nje kwenye mkeka, na hakuna anayejisikia kunyimwa.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unakaa ndani ya benchi, na chini yake sakafu imetobolewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na tundu lile ndilo njia yake ya kutokea. Ukimwachia fundi aamue, atakutobolea juu, karibu na dirisha, kwa sababu ndivyo inavyoonekana kuwa sawa. Simama naye mpaka atoboe chini.

Na fundi seremala naye ana mambo yake. Ukimwambia akutengenezee kitanda cha ndani ya gari, atakutengenezea kitanda: miguu minne, ubao wa kichwani wenye nakshi, mbao za mninga unene wa nchi mbili, kitu cha kurithisha wajukuu. Mwambie unataka kabati la duka lililolazwa chali. Hapo ataelewa, na atatumia plaiwudi na paina. Mninga ni mti wa fahari lakini una uzito, na mbao zake kusafiri nazo bila nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu ni kujitafutia kesi kwenye kizuizi. Misumari usiitumie popote. Barabara ya vumbi yenye mawimbi hung'oa msumari kidogokidogo, mpaka usiku mmoja kabati linalia kama mlango wa zizi. Bolti, washa na nati ya kujifunga; basi.

Kuhusu gari lenyewe, wapenzi wa safari watakuuzia ndoto ya Land Cruiser. Ni ndoto yenye ushahidi. Emil na Liliana Schmid, mume na mke kutoka Uswisi, waliondoka mwaka 1984 na Land Cruiser yao, wakaizunguka dunia kwa miongo. Mjerumani Gunther Holtorf alianzia safari yake Afrika mwaka 1989 akiwa na Mercedes ya aina ya G iliyoitwa Otto, na baadaye yeye na Christine, aliyekuja kuwa mkewe, wakawa wanalala humohumo kwenye godoro nyuma ya viti. Christine alifariki mwaka 2010. Gunther aliendelea hadi 2014, gari likiwa limetembea karibu kilomita 900,000, na sasa limewekwa kwenye makumbusho ya kampuni iliyolitengeneza, mjini Stuttgart. Ninawaheshimu. Lakini Holtorf alijua kulifungua na kulifunga gari lake mwenyewe na alibeba shehena ya spea. Mimi nikiharibikiwa Kagerankanda namtegemea kijana wa gereji aliyekuja na bodaboda, na kijana huyo tangu utoto amekuwa akifungua Hiace. Tafuta ya dizeli yenye injini ya 5L, isiyo na turbo. Injini mpya zaidi, 1KD kwa mfano, zina nguvu na hunywa mafuta kidogo, lakini dizeli chafu ya kwenye dumu ikifika kwenye nozo zake, utalipa fedha za kununulia ng'ombe.

Lami nayo inasogea. Mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeibadilisha kabisa habari ya safari ya Kibondo na Kasulu. Ukiiacha lami, hata hivyo, unakutana na udongo mwekundu uleule wa zamani. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei, na udongo ukilowa gari la magurudumu mawili ya nyuma huteleza likiwa limesimama. Beba jembe, kamba ya kuvutia na vipande viwili vya mbao nene. Matairi yawe ya mpira mzito, na shokapu za nyuma zibadilishwe kabla ya kufunga samani. Kusubiri mpaka zianze kugonga ni kusubiri hasara.

Umeme na maji nitavipitia haraka, maana watu huvizungumza kuliko vinavyostahili. Paneli ya wati 200 kwa saa tano za jua kali inatoa, kwa hesabu ya kitabuni, wati-saa 1,000. Toa joto, vumbi na kivuli cha miti, hesabu 700. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukipita nusu yake unaiua, kwa hiyo unazo 600. Taa, simu na kompyuta mpakato hazimalizi hata nusu. Friji ndogo ya volti 12 itakula zote peke yake, na Desemba jua likijificha itakula zisizokuwepo. Tukaamua kuishi bila friji. Dagaa wakavu, maharage, unga wa muhogo, mawese na nyanya za soko la asubuhi haviombi barafu. Tangi la maji la kufunga chini ya gari nalo halina maana huku. Kisima cha kijiji kimezoea dumu la lita 20, foleni yake ni ya madumu, na mtoto wa jirani anajua kulibeba. Madumu matatu ni kilo 60, na ukiyapanga nyuma ya kiti cha dereva gari haliinami.

Kinachowashangaza wageni zaidi ya vyote ni unyevu. Juni na Julai usiku wa Kasulu una baridi ya kuvaa sweta, na watu wawili waliolala ndani ya bati lililofungwa hutoa maji kwa pumzi na jasho, nusu lita au zaidi hadi alfajiri. Maji hayo hujikusanya kwenye paa la bati, yakidondoka tone baada ya tone kwenye paji la uso la aliyelala upande wa ukuta. Godoro linashika ukungu chini ambako huoni. Dawa ni madirisha mawili yaliyoachwa wazi vidole viwili, moja mbele moja nyuma, yakiwa na wavu wa mbu, na chaga za mbao chini ya godoro badala ya plaiwudi nzima. Ni afadhali blanketi la pili kuliko dirisha lililofungwa.

Sasa msitu. Mbung'o, ambao wengine huku huwaita ndorobo, humfuata mnyama anayetembea, na gari kwao ni mnyama mkubwa anayenguruma. Hupenda rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Gari la bluu ni zuri mjini. Kwenye miombo litakuingizia wapanda bure arobaini, na kila mmoja anauma kupita kwenye shati. Nyeupe au rangi ya maziwa ndiyo rangi ya nyumba ya huku. Mbung'o huuma mchana, kwa hiyo chandarua hakikusaidii. Kinachosaidia ni vioo vilivyopandishwa hadi mtoke kwenye miti. Na hili halina mzaha. Miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulifanya serikali ya kikoloni iwahamishe watu wa Uha kutoka kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa. Homa isiyoisha baada ya kuumwa mwituni ipelekwe hospitali, na daktari aambiwe ulikuwa wapi.

Nyuki nao wana sheria zao. Warina asali hutundika mizinga ya magogo juu mitini, na huishi kwenye kambi za msimu karibu nayo; ukitaka kujua nani aliyeanza kuishi huku bila nyumba ya kudumu, ni wao, muda mrefu kabla ya sisi wenye magurudumu. Mzee mmoja wa kambi alitutazama tukiegesha, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, zima injini kwanza. Halafu angalia juu." Juu ya paa letu palikuwa na mzinga. Mtetemo na mlio wa injini huwachokoza nyuki, na nyuki wetu hawasemeshwi mara mbili. Tulisukuma gari kwa mikono hadi kwenye uwazi. Alichotufundisha baadaye kilikuwa na faida zaidi: kiangazi nyuki wana kiu, na bomba linalodondosha tone moja kila dakika litakusanya kundi zima kufikia saa nne asubuhi. Mfuniko wa dumu ukazwe, vyombo vikaushwe, maji ya kunawia yamwagwe mbali. Usiku, taa ya nje izimwe wakati wanarina jirani yako, kwa kuwa nyuki waliofukuzwa kwa moshi huikimbilia taa.

Nimefika kwenye jambo lenyewe, ambalo hakuna fundi anayeweza kukufungia kwa bolti. Tuliingia kijijini jioni, tukaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alitukaribisha, akatupa viti, akasikiliza habari za safari kwa utulivu. Kisha akauliza: "Sasa mmefikia kwa nani?"

Mtu mwenye gari la kulala amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Amebeba maji, moto, umeme na kitanda ili asimsumbue mtu. Lakini huku asiyemsumbua mtu ndiye wa kutiliwa shaka. Mgogoro wa mipaka kati ya wakulima, wafugaji na hifadhi ya msitu una miaka mingi. Gari geni likisimama porini, mkulima anajiuliza kama ni wapimaji wamekuja kumtoa, na askari wa misitu anajiuliza kama ni wachoma mkaa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita Kongo, iko wilaya hiihii, na Nduta iko Kibondo. Huingii humo bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na hata kuegesha karibu kutakuletea maofisa. Kwa miaka mingi mabasi ya njia hii yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya utekaji. Watu waliopitia hayo wana haki ya kujua nani amelala kwenye shamba lao.

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Tumefikia kwako, baba."

Mwenyekiti akacheka, akamwita mtendaji. Tulisaini kitabu cha wageni, tukaonyesha vitambulisho vya NIDA na kadi ya gari, na gari likaegeshwa chini ya mwembe uani kwake, tukitumia choo chake na bafu lake la nyasi. Tangu siku hiyo hatujawahi kulala huku nje ya uwanja wa mtu. Porini tunaingia na kibali cha misitu, na tunalala kwenye kambi ya warina asali waliokubali tuwe wageni wao.

Wala kumtaka mgeni awe na mwenyeji si ushamba wa Kigoma. Jane Goodall alipofika Kigoma mwaka 1960, akiwa na mama yake Vanne na Land Rover iliyojaa hadi dari ikiendeshwa na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt kutoka Nairobi, mji ulikuwa umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo. Walikuwa na hema lao na vyombo vyao vyote. Bado ilibidi serikali iseme walale wapi, na walioneshwa uwanja wa gereza. Wakapiga hema hapo, na wakasaidia kuandaa mikate ya wakimbizi wakati wakisubiri ruhusa ya kwenda Gombe. Mama yake mwenyewe alikuwepo kwa sababu wakubwa hawakukubali msichana aende peke yake. Kuwa na pa kulala ni jambo moja, na kuwa na mwenyeji ni jambo jingine.

Mkishampata mwenyeji, mtaulizwa maswali ya ndoa, na mjiandae. Mimi naulizwa na wanaume: "Shemeji, dada yetu humjengei kwa nini?" Muha anayeoa hujenga, hata kama ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma. Mke wangu anaulizwa na akina mama, kwa sauti ya chini, kama amefukuzwa. Yeye hujibu kwamba nyumba ipo, inasubiri bati, na kwa sasa anatafuta asali. Jibu hilo linakubalika. Jibu la kwamba tunapenda uhuru tulilijaribu, likasikilizwa kwa huruma.

Kati ya wawili wenyewe, sehemu ngumu si mapenzi wala usiku. Ni kurudisha gari nyuma. Mmoja yuko kwenye usukani, mwingine nje anapunga mikono, "kata, kata, nyoosha, simama!", na gogo limeshagongwa. Tulikubaliana kwamba aliye nje ndiye dereva, aliye ndani ni miguu tu, na tukigonga gogo analipa aliye nje. Ugomvi umepungua sana. Jambo la pili ni kununa. Kwenye nyumba mtu hununia jikoni au barazani. Kwenye mita tatu hana pa kwenda. Aliyekasirika ana haki ya mkeka wa nje na kikombe cha chai, na haki kwamba mwenzake hatawasha injini wala kumwita mwenyeji asuluhishe. Mkubaliane pia nani anapika: anayeendesha hapiki jioni hiyo, awe mume au mke, hata wapita njia wakishangaa mwanamume anasonga ugali wa muhogo mlangoni mwa Hiace. Watashangaa, kisha watakusahihisha mkono.

Wanandoa ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja cha kupanga, masika na kiangazi, wasinunue gari kwanza. Wapange chumba.

Na wanaonunua wasikate paa. Paa la kuinua linapendeza, lakini bodi ikibadilishwa umbo kuna ukaguzi, kuna mabadiliko ya kuingiza kwenye kadi ya gari, kuna bima ya kuarifiwa, na kila trafiki kati ya Kasulu na Nyakanazi atataka aelezwe upya. Zaidi ya hayo, siku moja mtaliuza. Hiace ambayo benchi na kitanda vimefungwa kwa bolti inarudi kuwa Hiace kwa spana moja na mchana mmoja, na mnunuzi wa Kasulu atakupa bei ya Hiace. Iliyokatwa paa atakupimia bei ya chuma chakavu.